PPE, uchumi mtupu au siasa ya Mlimani: ubavu kwa ubavu

Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akamaliza 1952, na shahada aliyorudi nayo haikuwa ya onazi (honours kwa Kiingereza). Ilikuwa ya kawaida, ya mchanganyiko: fasihi ya Kiingereza, uchumi-siasa, anthropolojia, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Toa fasihi na anthropolojia kwenye orodha hiyo, na kilichobaki kinakaribiana sana na shahada ambayo vijana wengi wa tahasusi za sanaa wananiulizia siku hizi: siasa, falsafa na uchumi kwa mkupuo mmoja, maarufu kwa herufi tatu, PPE.

Wa mwisho kuniuliza ni mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita kwa HGE, yaani historia, jiografia na uchumi. Alinitumia sauti ya dakika sita, akianza na "Shikamoo mjomba" na kumaliza na "Sasa mjomba, mimi nichukue ipi?" Hapo katikati alikuwa ameshachanganya PPE, uchumi na sayansi ya siasa kana kwamba ni majina matatu ya mtu mmoja. Mama yake naye alikuwa na lake. Tangu enzi za korona yeye anajua PPE ni barakoa na glavu za manesi, akawa haelewi kwa nini mtoto avuke bahari kwenda kusomea barakoa.

Nilimjibu kwa simu, na haya ni majibu yale yale nikiyapanua. Nilisoma siasa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo nina upendeleo. Utauona ulipo, uupunguze mwenyewe.

Kwanza hilo neno onazi

Tukilifasiri kwa pupa tunapata "shahada ya heshima", na hiyo kwa Kiswahili ni kitu kingine kabisa: ni ile anayovishwa rais mstaafu, joho na picha, bila kukaa darasani hata siku moja. Onazi ni ya kusomea. Ni shahada iliyokwenda kwa kina na kupangiwa daraja mwishoni: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, la tatu.

Shida ni kwamba kila nchi inaihesabu kivyake. England karibu kila shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni ya onazi, na daraja la kwanza linaanzia alama 70, la pili la juu 60. (Usishtuke ukipata 68 huko ukadhani umefeli. Alama zinazopita 80 kwenye insha ni nadra kuziona.) Scotland onazi ni miaka minne, ya miaka mitatu, kama ya Mwalimu, ndiyo wanayoiita ya kawaida. Afrika Kusini unasoma miaka mitatu, unapewa shahada yako, kisha onazi ni mwaka mwingine kamili unaouombea upya, na bila huo mlango wa uzamili kwao kwa kawaida haufunguki. Australia inafuata mtindo unaofanana na huo, na chuo kikuu cha taifa kule Canberra nacho kinafundisha PPE.

Kwetu Tanzania neno lenyewe halisikiki sana lakini kitu chenyewe kipo. Ndiyo GPA: 4.4 hadi 5.0 daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, chini ya hapo unapita tu. Mtu wa Mlimani mwenye 3.8 na mtu wa Oxford mwenye 64 wote wako daraja moja, na wakiomba uzamili London wote watajaza kisanduku kile kile.

Kwa hiyo ukilinganisha gharama, usilinganishe ada ya mwaka. Linganisha gharama mpaka kwenye ngazi ile ile. Miaka mitatu ya Cape Town inaonekana sawa na miaka mitatu ya York mpaka utakapogundua kuwa mmoja amebakiza mwaka.

PPE yenyewe

Ilianzia Oxford mwaka 1920. Kabla ya hapo kijana wa Kiingereza aliyetaka kutawala alisomea Kigiriki na Kilatini, historia na falsafa ya watu wa kale. PPE ililetwa iwe toleo la kisasa la masomo hayo. Inachekesha kidogo kwamba miaka 102 baadaye, 2022, Uingereza ilibadilisha mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja: Boris Johnson, aliyesomea hicho Kigiriki na Kilatini, kisha Liz Truss na Rishi Sunak, wote wawili wa PPE.

Mwaka wa kwanza pale Oxford hakuna kuchagua. Unasoma yote matatu. Falsafa inaanza na mantiki ya alama, ambayo inafanana zaidi na hisabati kuliko na hekima za wazee, pamoja na maadili kupitia mwanafalsafa John Stuart Mill. Siasa ni nadharia na namna dola zinavyoendeshwa. Uchumi ni maikro na makro, na kalkulasi imo ndani. Mwisho wa mwaka unafanya mtihani. Lazima uupasi, lakini alama zake haziingii kwenye daraja lako la mwisho.

Halafu linakuja jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: kuanzia mwaka wa pili unaruhusiwa kuacha somo moja, na wengi wanaacha. Yaani wengi wanaohitimu PPE wamesoma PPE kwa mwaka mmoja, kisha wakasoma viwili kati ya vitatu. Daraja lako linategemea karatasi nane za mwishoni, na tasnifu inaweza kuwa mojawapo. Hivyo swali la kujiuliza mapema si kama unayapenda masomo yote matatu. Jiulize utaacha lipi. Ukiwa na jibu leo, na jibu lenyewe ni uchumi, basi labda unachotafuta ni siasa na falsafa. Ukiwa na jibu na ni falsafa, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Ufundishaji wake nao ni wa aina yake. Mihula mitatu ya wiki nane nane. Karibu kila wiki unapewa orodha ya vitabu na makala, unaandika insha, kisha unakaa chumbani kwa mwalimu na mwenzio mmoja au wawili, mnaulizwa mlichokiandika. Hakuna kujificha nyuma ya watu mia tatu wa ukumbi wa Nkrumah. Kwa mtu anayependa kubishana na aliyezoea kusoma peke yake, ni raha tupu. Kwa mtu anayejifunza kwa kukaa na wenzake, kugawana noti na kuelezana, ni upweke mkubwa, na hilo watu hawalipimi kabla ya kwenda.

Usidhani PPE ni Oxford peke yake. York, Warwick, Durham, UCL na King's College London wote wanaifundisha, kila mmoja kwa mpangilio wake, na kuingia huko si kupenya tundu la sindano kama Oxford, ambako maombi yanafungwa katikati ya Oktoba, mwaka mzima kabla ya kuanza masomo, na kuna usaili wa Desemba.

PPE na uchumi mtupu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Chukua jambo moja tunalolijua wote. Julai 2021 serikali ya Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Iliitwa ya mshikamano, fedha zake zikaelekezwa kwenye vituo vya afya na madarasa. Watu walipiga kelele, na Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Baadaye ikapunguzwa tena.

Mwanafunzi wa uchumi mtupu akiletewa tozo hiyo ataanza na swali la nani hasa anailipa. Anayetuma? Anayepokea? Wakala anayepoteza wateja? Atatafuta idadi ya miamala kabla na baada, kisha atakwama mahali pagumu: mwaka ule ulikuwa wa korona, atajuaje kuwa kushuka kwa miamala kumetokana na tozo na si na mifuko iliyokuwa mitupu? Hiyo ndiyo kazi ya ekonometriki, na inachukua miaka kuifundisha. Pia atakumbuka kuwa watu wana njia mbadala. Pesa inarudi kwenye bahasha, bahasha anapewa kondakta wa basi la Tanga, na hakuna takwimu inayoiona.

Wa siasa atauliza kwa nini serikali ililegeza. Bunge lilipitisha, sheria ilikuwepo, mapato yalikuwa yanaingia, sasa kilichobadilika ni nini? Wanaotuma elfu ishirini kwa mama hawana chama wala umoja, lakini ni wengi na wanatozwa mmoja mmoja, kila mara wakiona kwenye ujumbe wa simu kiasi kilichokatwa. Kodi ya bia humuoni anayeikata. Hii ulimuona kila siku. Atataja pia kumbukumbu ya kodi ya kichwa, maana wazee wetu walikimbilia porini kuikwepa na hadithi hizo bado zinasimuliwa.

Wa falsafa atashika neno moja tu: mshikamano. Mshikamano wa kulazimishwa ni mshikamano? Pesa ya dawa ya mama imeshakatwa kodi kwenye mshahara. Kuikata tena njiani kuna tofauti gani na kuikata mara moja kwa kiasi kikubwa? Na haki ni kila mtu alipe kiasi sawa, alipe sehemu sawa ya alichonacho, au anayetuma kwa mgonjwa asilipe kabisa? Utamuona anazunguka. Lakini ukimsikiliza vizuri, ndiye pekee aliyeuliza kama tozo ilikuwa sahihi. Wenzake wawili waliuliza ilifanyaje kazi na kwa nini ilipunguzwa.

PPE inakufundisha kuhama kutoka swali moja hadi jingine bila kujikwaa. Uchumi mtupu unakufundisha kujibu lile la kwanza mpaka mwisho. Na hapa sitazunguka: ukitaka kuwa mchumi wa kazi, yule wa Benki Kuu, wa utafiti, wa uzamivu, chukua uchumi mtupu. Mtu wa PPE aliyeshikilia masomo yote matatu anaweza kumaliza akiwa na ekonometriki kiduchu, na programu nzuri za uzamili wa uchumi zitamwuliza hilo kabla ya kumwuliza jina la chuo.

Tena jambo la ajabu: Oxford hawatoi shahada ya kwanza ya uchumi peke yake. Wala siasa peke yake, wala falsafa peke yake. Kila moja lazima iambatane na nyingine. Anayetaka uchumi mtupu aende Cambridge au LSE (London School of Economics), na huko mlango una kufuli moja, hisabati. Wote wawili wanataka hisabati ya juu ya kidato cha sita, na ya alama ya juu kabisa. Kwetu maana yake ni kwamba wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ana pa kugonga. Wa HGE mwenye BAM tu, ile hisabati ya msingi, hana. PPE ya Oxford haiweki hisabati kuwa sharti, inasema tu kuwa inasaidia, na nikimjua mpwa wangu alivyofurahi kusikia hivyo, niliona nimwambie pia kuwa kinachosaidia mlangoni kinahitajika sebuleni. Mwaka wa kwanza wa uchumi hauwasubiri waliosahau kutafuta mteremko wa mkunjo.

Kwa wasomaji wa Kenya kuna kikwazo kingine kabla ya hicho: KCSE peke yake, hata ya A tupu, vyuo vingi vya Uingereza havioni kuwa inatosha kwa kuingia moja kwa moja. Utahitaji kitu cha ngazi ya kidato cha sita au mwaka wa maandalizi.

Nimalizie upande huu kwa lawama moja ambayo PPE inastahili. Watu wanadhani ukiisoma unatoka na majibu ya kuongoza nchi. Kiangazi cha 2022 Truss na Sunak walipogombea uongozi wa chama chao, walibishana juu ya jambo hasa ambalo shahada yao inalifundisha: serikali ikope ili kupunguza kodi, au isikope? Shahada moja, chuo kimoja, majibu mawili yanayopingana. Truss akashinda, akaleta bajeti yake Septemba, pauni ikaporomoka, na baada ya siku 49 akawa ameng'oka. Sunak aliyeonya akachukua kiti. PPE haikumfundisha mmoja na kumsahau mwingine. Inakupa namna ya kupanga hoja, na hoja iliyopangwa vizuri inaweza kuwa mbovu.

Ila na upande wa pili useme. Kofi Abrefa Busia, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Ghana mwaka 1969, alipita kwenye PPE ya Oxford. Benazir Bhutto wa Pakistan vivyo hivyo, na Malala Yousafzai aliimaliza 2020. Kwa watu wanaotoka nje, shahada ile imekuwa pia darasa la kuwajua wanaotawala ulimwengu wanavyofikiri. Hilo nalo lina thamani, hata kama huwezi kuliandika kwenye CV.

PPE na siasa ya nyumbani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, kina Uchumi, na kina Falsafa na Maadili, kila moja kwa miaka mitatu. Makerere miaka mitatu, Nairobi minne. Hakuna anayekukataza kujitengenezea PPE ya kienyeji: unachukua siasa, unajaza nafasi za kozi za hiari kwa uchumi, falsafa unaisoma mwenyewe usiku. Kozi ya DS (masomo ya maendeleo), ambayo kila mtu wa Mlimani anaisoma apende asipende, nayo inakupa uchumi-siasa kidogo, tena kwa jicho la huku.

Na mchanganyiko huu kwetu si mgeni. Mwai Kibaki alisoma uchumi, historia na sayansi ya siasa Makerere, akamaliza 1955 kwa daraja la kwanza, ndipo akaenda LSE kusomea fedha za umma. Yoweri Museveni alisoma uchumi na sayansi ya siasa Dar es Salaam, akamaliza 1970, tasnifu yake ikiwa juu ya Frantz Fanon, mwandishi wa mapambano ya ukombozi. (Tusianze siasa za Uganda hapa. Nazungumzia vyeti.) Wote wawili walipata mchanganyiko wao nyumbani, na ukitazama njia ya Kibaki utaona mpangilio ambao nitaurudia kwenye hesabu ya fedha: shahada ya kwanza hapa, ya ng'ambo baadaye.

Tofauti ya maisha ya kila siku ni kubwa. Oxford daraja lako linaamuliwa na karatasi nane za mwisho. Ukiamka na malaria wiki ile, utajua mwenyewe. Mlimani alama zinakusanywa muhula kwa muhula, koswek (kazi za muhula) arobaini, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) sitini. Ukiteleza unapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ukiteleza zaidi unakeri, yaani unabeba somo hadi mwaka unaofuata, ukizidi unadisko, yaani unaondolewa chuoni, lakini kila muhula unajua umesimama wapi. Kwa mtu wa kazi ya pole pole huu ni mfumo wa huruma zaidi. Upande mwingine, ni mfumo unaomruhusu mtu mvivu mwenye kumbukumbu nzuri kupita kwa noti za mwaka juzi, na sitasema nimejuaje.

Falsafa ndiyo inayonipa mawazo mawili. Ya Oxford ni kali kwa mantiki, na ukali huo ni mzuri kwa akili ya mtu yeyote. Lakini utapita miaka mitatu bila kulazimika kumsikia Henry Odera Oruka, aliyejenga idara ya falsafa ya Nairobi na kwenda vijijini na kinasa sauti kuwahoji wazee wenye fikra zao wenyewe, akitaka kuonyesha kuwa falsafa haikungoja maandishi ili izaliwe Afrika. Ukisoma nyumbani unaweza kumkuta kwenye kozi. Ukisoma ng'ambo itabidi umtafute, na wakati wa kumtafuta, na insha kila wiki, haupo.

Kisha kuna jambo la kibaniani ambalo wasomi hawapendi kulitaja: jina la shahada kwenye karatasi. Tangazo la kazi serikalini likisema "Mchumi Daraja la II" linataja shahada ya uchumi. Anayechambua maombi ana mafaili mia kadhaa na kalamu nyekundu. Cheti kinachosomeka "Falsafa, Siasa na Uchumi" kinamlazimisha afikiri, na si kila mtu analipwa kufikiri saa kumi jioni. Ukisoma nje, peleka cheti chako TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe mapema, na nakala ya matokeo yenye orodha ya kozi za uchumi ulizosoma iambatane na kila ombi. Kwenye mashirika ya kimataifa, ubalozi, uandishi wa habari na utafiti wa sera hali ni kinyume: huko PPE inajulikana, na wakati mwingine inajulikana kupita kiasi.

Afrika Kusini, kwa haraka

Cape Town, Pretoria na Stellenbosch wanafundisha PPE. Ni karibu, na mifano ya darasani itakuwa ya Afrika angalau nusu. Kwa Mtanzania na Mkongomani kuna la ziada: Itifaki ya Elimu ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe ada kama wenyeji. Kila chuo kina namna yake ya kuitekeleza na vitozo vyake vya pembeni, kwa hiyo omba hesabu kwa maandishi. Mkenya hayumo. Mwaka wa onazi uuhesabu tangu mwanzo. Zaidi ya hapo sina neno. Ni chaguo zuri ambalo vijana wetu wanaliruka wakiangalia kaskazini.

Fedha

Ada ya PPE Oxford kwa mtu wa nje ya Uingereza inazidi pauni 35,000 kwa mwaka, kabla hujala wala kulala. Kwa miaka mitatu ada peke yake ni zaidi ya pauni 100,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 300 za Kitanzania. Kuna ufadhili wa Reach Oxford kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nchi za kipato cha chini, lakini nafasi zake zinahesabika kwa vidole. Usijenge maisha juu yake. Omba, kisha ishi kana kwamba hukuomba.

Fedha nyingi za ufadhili ziko ngazi ya juu zaidi. Rhodes ni kwa waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Chevening ni ya uzamili wa mwaka mmoja na inataka uwe umefanya kazi kama miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao umeegemea uzamili na uzamivu. Ndiyo maana namrudia Kibaki: mtu aliyesoma nyumbani kwa bumu la Bodi ya Mikopo, akatoka na 4.4, ana milango mingi ya kwenda London bure kuliko mtoto wa kidato cha sita anayegonga mlango mmoja wa shahada ya kwanza. Familia yenye milioni 300 mkononi haihitaji ushauri wangu. Familia itakayouza shamba la mikorosho ili mtoto akasome PPE, ninaomba isiuze.

Nilichomwambia afanye

Nilimpa mpwa wangu kazi ya Jumapili tatu, maana kuongea kwenye sauti za dakika sita kila mtu anaweza. Nilimwambia aandike insha tatu juu ya tozo ile ya 2021, kurasa mbili mbili. Ya kwanza: nani aliilipa, na angeithibitishaje. Ya pili: kwa nini ilipunguzwa. Ya tatu: je, ilikuwa ya haki. Asiniulize, asiangalie majibu ya mtu, aandike tu, kisha tukae kama wanavyokaa wale wa Oxford, mimi nikiuliza na yeye akijitetea.

Ya haki aliimaliza usiku ule ule, saa nane, akanitumia na alama za mshangao tele. Ya pili ilikuja Jumapili iliyofuata, ndefu kuliko nilivyomwagiza, na ndani yake kulikuwa na hoja juu ya wakala wa mtaani kwao ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeifikiria. Tulibishana juu yake kwenye simu mpaka salio likakata.

Ya kwanza mpaka leo hajaileta. Mama yake ananiambia ameshaanza kujaza fomu za Mlimani.